Kigango cha Juu ya Matombo

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Kisaki, ukazipita Bigwa, Kiroka na Mkuyuni, milima ya Uluguru inakuwa mkono wako wa kulia njia nzima mpaka ufike Matombo. Hapo ndipo Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni mwaka 1897, miaka 29 baada ya wenzao kuanza Bagamoyo, na miaka kama 15 baada ya kuanza ile ya Morogoro, chini ya mlima. Mambo ya Bagamoyo yanajulikana. Kuna makumbusho, kuna mnara, watoto wa shule hupelekwa na mabasi kwenda kuona. Ya Matombo nayo yameandikwa na wasomi, ingawa kwa lugha ambazo bibi yangu asingeweza kuzisoma.

Mimi nataka kueleza habari za juu zaidi. Kigango chetu kiko mlimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka misioni, na utotoni mwangu padri alifika kwetu mara moja kwa mwezi. Wakati wa masika mito ikijaa hakufika kabisa. Jumapili nyingine zote tulikuwa na mwalimu. Watu wa sasa wanamwita katekista, lakini sisi tulimwita mwalimu, kwa sababu ndiye aliyetufundisha kusoma, kuhesabu, kusali na kufagia. Kama kuna Kanisa Katoliki katika mteremko ule leo, ni kwa sababu yake na kwa sababu ya akina mama waliobeba vitu vichwani. Hayo ndiyo ninayoyajua, na nayasema kwa uhakika kwa kuwa niliyaona.

Bibi, mzaa mama, alizaliwa kabla ya vita ya 1914. Kwa simulizi yake, dini ilipandishwa mlimani na mjomba wake aliyekuwa akishuka misioni kuuza kuku, akabaki huko kufanya kazi, akabatizwa, akarudi na rozari shingoni. Watu walidhani amepewa dawa. Alioa, akajenga, na jioni akawa anakaa mlangoni akisali kwa sauti ili kila apitaye asikie. Waliomfuata mwanzoni walikuwa wachache, wengi wao watoto wa dada zake, kwa sababu kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba akisema neno lina uzito kuliko la baba.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro mjini, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Kisaki kwa kuizunguka milima pande zote mbili. Upande wetu ulikuwa mmojawapo. Bibi alikuwa msichana mdogo na alikumbuka mambo mawili tu. La kwanza, mbuzi wote waliingizwa ndani ya nyumba na kufungwa midomo kwa kamba ili wasilie askari wakipita. La pili, wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na akina mama waliokaa miaka wakiwasubiri. Padri hakupanda mlimani kwa muda mrefu. Wale Wakristo wachache walikusanyika kwa mjomba kila Jumapili wakasali rozari peke yao, watoto waliozaliwa wakabatizwa kwa maji ya mtungi na mjomba mwenyewe, kama alivyofundishwa kufanya mtu akiwa katika hatari ya kufa. Bibi alisema hatari ya kufa ilikuwa kila siku, basi akawabatiza wote. Padri alipokuja hatimaye alikuta kundi limeongezeka.

Baada ya vita mapadri wengi waliokuja kwetu walikuwa Waholanzi, na mkazo wao ulikuwa shule. Kila kijiji kilichokubali kilijengewa chumba kimoja cha fito na udongo, paa la nyasi, na kupewa mwalimu. Jumatatu hadi Ijumaa chumba ni darasa, Jumapili ni kanisa. Kwetu pa kujenga palikuwa na maneno. Ardhi yote ni ya koo, na mndewa, yaani mkuu wa ukoo wetu, wakati huo alikuwa Mwislamu. Uislamu ulikuwa umeingia milimani kwa wafanyabiashara na mashehe waliopanda kutoka tambarare, na nyumba nyingi zilikuwa nusu kwa nusu: kaka anakwenda kanisani, dada anafunga Ramadhani. Mndewa aliwaita wazee wa kike wa ukoo, kwa kuwa ardhi hupita kwao, akawauliza. Walipokubali, akaenda mwenyewe na panga kuonyesha mipaka, akapanda miti ya alama pembe zote nne. Masharti yake yalikuwa kwamba ardhi inabaki ya ukoo, na kwamba watoto wa Kiislamu wasome humo bila kulazimishwa kubatizwa. Hakuna aliyeandika karatasi, na masharti yalishikwa. Darasani nilikaa dawati moja na mtoto wa shangazi yangu Mwislamu, na saa ya dini ilipofika yeye alitoka kwenda kumwagilia bustani ya shule.

Mwalimu niliyemkuta mimi alikuja kwetu akiwa kijana, akazeekea hapo. Alikuwa mtu wa kijiji cha ng'ambo ya mto, mwenye sauti nzito na miguu mirefu, na kila siku alivaa koti lile lile la kaki alilolifunga vifungo vyote hata jua likiwa kali. Kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mfenesi. Aliigonga kwa chuma mara tatu polepole ikiwa ni sala, haraka haraka ikiwa ni shule, na kwa kuachiaachia ikiwa ni msiba, na mlima mzima ulielewa. Misioni ilimlipa shilingi chache, nazo alizifuata mwenyewe kwa miguu, kushuka na kupanda. Alikula jasho lake kama sisi. Jumamosi watoto wa mafundisho tulipalilia shamba lake la magimbi huku akituuliza maswali ya katekisimu kutoka upande wa pili wa tuta. Aliyejibu sawa alipumzika kidogo, aliyekosea aliendelea kulima. Mpaka leo siwezi kusikia swali la kwanza la katekisimu bila kuona majani mapana ya magimbi.

Jumapili bila padri ilikuwa na utaratibu wake. Wanaume kushoto, wanawake kulia, watoto mbele kwenye mikeka. Mwalimu alianzisha sala, kisha wimbo, kisha akasoma Injili na kuieleza kwa mifano ya mlimani kwetu: mpanzi wake alikuwa na shamba lenye mawe kama letu. Halafu litania, matangazo, nani mgonjwa, nani amefiwa, nani anadaiwa nyasi za kuezekea. Meza ya altare ilikaa katikati imefunikwa kitambaa cheupe alichokifua mkewe, na yeye hakusimama nyuma yake hata siku moja. Alisimama pembeni, karibu na dirisha. Hata kitabu chake hakukiweka juu ya meza ile. Niliwahi kumwona akimzuia mzee mmoja aliyetaka kuweka kofia yake hapo; aliichukua ile kofia kwa mikono miwili, kwa heshima, akaitundika kwenye msumari. Sikumsikia akieleza kwa nini, nasi hatukuhitaji kuelezwa. Kwa namna ile tuliijua thamani ya Misa kuliko kwa mahubiri yoyote.

Nilikuwa mtoto mchanga yalipotokea ya mwaka 1955, ila yalisimuliwa sana nyumbani hata nayaona kama yangu. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kwa upande wetu udongo mzuri ni wa juu tu. Ukiuchimba na kuugeuza, unalima mawe. Kazi yenyewe ilikuwa ya kulazimishwa, na waliochimba wengi walikuwa wanawake. Mwezi Julai watu walikusanyika Matombo kukataa, fujo zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ule ukaachwa. Wakati huo kila aliyejua kuandika alitazamwa kwa shaka, kwamba labda ndiye anayepeleka majina ya wakaidi bomani. Baba alisema Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa watu waliokuja kumsikia mwalimu ameegemea wapi. Mwalimu alisoma sala za marehemu tangu mwanzo hadi mwisho, akamwombea aliyekufa, akafunga kitabu. Jumatatu akashika jembe, akaenda kuyavunja matuta ya shamba lake mwenyewe mchana kweupe. Watu waliacha kumshuku.

Siku ya padri ilianza tangu jana yake. Vijana walishuka kumpokea mtoni na kumbebea sanduku la Misa. Yeye alipanda kwa fimbo, kanzu nyeupe ameikunja na kuifunga kwa mkanda, uso mwekundu kwa jua, akiamkia kila mlango kwa Kiluguru na kuendelea kwa Kiswahili safi. Mchana wote alikaa kwenye kiti chini ya mfenesi kusikiliza maungamo, wazee kwanza. Sisi watoto tulikaa mbali tulipoelekezwa, tukijaribu kukisia dhambi kwa kuangalia muda mtu aliokaa. Usiku alilala kwa mwalimu, akachinjiwa jogoo. Alfajiri Misa, kwa Kilatini wakati ule, na vijana watatu waliofundishwa na mwalimu wakijibu bila kukosea hata silabi. Padri alitupa mgongo, tukaona msalaba mkubwa ulioshonwa kwenye kasula, na moshi wa ubani ukapenya nyasi za paa. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshashuka kwenda kigango kingine.

Katikati ya miaka ya 1960 mambo yalibadilika kwa kasi. Kwanza Misa ikawa ya Kiswahili, padri akageuka kutuelekea. Kisha mwaka 1966 Jimbo la Morogoro lilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Adriani Mkoba, akimfuata Askofu Herman van Elswijk. Habari ilipofika mlimani, mwalimu aligonga rimu mpaka watu wakadhani kuna moto. Mwisho zikaingia ngoma kanisani. Hapo ndipo Bibi alipopata tabu. Kwa miaka yote misioni haikuipenda ngoma, hasa ya unyago, na akina mama wa umri wake walikuwa wamejifunza kuzitenga: ngoma nyumbani, kanisani vitabu. Jumapili ya kwanza ngoma ilipopigwa wakati wa matoleo, Bibi aliinuka akatoka nje. Alirudi ngoma ilipokwisha. Ilimchukua muda mrefu kukubali, na alipokubali alicheza kwa hatua ndogo sana, macho chini, kama anayechungulia kama kuna atakayemkemea.

Mwaka uleule ngoma zilipoingia kanisani nilivunja ungo, nikawekwa ndani. Mwali wa Kiluguru wa zamani alikaa ndani muda mrefu sana, mwaka au zaidi, bila kuonwa na jua, akifundishwa na makungwi na kunenepeshwa. Mama yangu alikaa hivyo. Mimi nilikuwa darasa la sita na nilipenda shule kuliko chakula. Nilikaa nyuma ya pazia la kanga nikisikia rimu ikigongwa haraka haraka asubuhi, nikihesabu wenzangu wanaopita njiani kwa sauti zao. Kisha jioni moja nikasikia hodi.

"Shikamoo, mama," mwalimu alimwambia Bibi.

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa."

Alikaa kimya kwa muda wa kutosha, kama inavyotakiwa, wakaulizana habari za mashamba na za mvua. Halafu akasema, "Mama, mtoto mwakani ana mtihani."

"Mwalimu, huyu si mtoto tena. Ndiyo maana yuko ndani."

"Ni kweli, mama. Hata dada zangu walikaa, na mke wangu alikaa. Sikuja kuvunja. Nimekuja kwako, na nitakwenda kwa mjomba wake. Kwa padri sijaenda na sitakwenda."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshinda Bibi. Mwalimu angeweza kuleta amri kutoka misioni, na Bibi angetii na kubaki na donge moyoni. Aliliacha shauri hilo ndani ya ukoo. Mjomba alikaa na makungwi, wakaamua nifundishwe katika likizo yote mpaka shule ifunguliwe, nitolewe, nirudi darasani, na yaliyobaki nimaliziwe likizo nyingine. Siku ya kutolewa akina mama walicheza usiku kucha, na mke wa mwalimu alikuwa katikati yao akiongoza wimbo. Jumapili yake niliketi kanisani nimepakwa mafuta, na mwalimu alipotangaza waliorudi kundini baada ya ugonjwa na safari, alilitaja na jina langu bila kusema nilikuwa wapi. Mtihani nilifaulu. Baadaye nilisomea ualimu Kigurunyembe, mjini Morogoro, na kazi hiyo ndiyo iliyonilea mpaka nilipostaafu.

Nikiwa chuoni ndipo serikali ilipozitwaa shule za misioni, kwa sheria ya elimu ya 1969. Kwa taifa lilikuwa jambo jema na bado naamini hivyo. Watoto wa dini zote walipata nafasi walizokuwa wakizikosa. Kwetu mlimani lilileta matokeo ambayo sidhani kama aliyeitunga sheria aliyafikiria. Chumba cha darasa kikawa cha serikali, na kanisa letu lilikuwa ndani ya chumba hicho. Walimu wenye vyeti wakaajiriwa. Wetu hakuwa na cheti, alikuwa na miaka mingi tu ya kazi. Alikabidhi chaki, rejesta na funguo kwa kijana aliyeletwa, akamwonyesha sehemu zinazovuja, akarudi nyumbani. Mshahara wa shule ukakoma, na misioni nayo haikuwa tena na fungu la kuwalipa walimu wa namna yake. Alikuwa na watoto sita.

Jumapili iliyofuata aligonga rimu kama kawaida. Tuliendelea kusali darasani kwa ruhusa ya mwalimu mpya, mtu mwungwana, mpaka wazee walipoona kwamba haifai kukaa kwa hisani ya wengine. Mwaka 1974 tulianza kufyatua matofali.

Sijui msomaji kama umewahi kujenga mlimani. Udongo ulikuwepo, kuni za tanuri zilikuwepo. Mchanga ulikuwa mtoni chini, na kila aliyeshuka kuteka maji alirudi na ndoo ya maji kichwani na kesho yake ndoo ya mchanga. Wakatekumeni wa mwaka ule hawakubatizwa mpaka kila mmoja atimize idadi yake ya ndoo, na nakumbuka bibi mmoja kizee aliyebeba mchanga kwa bakuli, safari kwa safari, akiomba ahesabiwe. Kuta zilisimama baada ya miaka mitatu. Kisha vita vya Uganda vikaja, 1978 na 1979, na baada yake uhaba ambao vijana wa sasa hawausadiki: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, saruji na bati kwa kibali. Kamati yetu ilishuka mjini kufuatilia kibali mara nyingi sana, ikarudi mikono mitupu. Tukaezeka kuta za matofali kwa nyasi, na kila miaka miwili nyasi zikaoza, tukaezeka upya.

Akina mama ndio waliokataa kuendelea hivyo. Walikuwa wameshajipanga katika WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanza nchini miaka ya 1970, nao kila mwezi walishusha ndizi, mananasi na mafenesi barabarani, wakapanda malori hadi soko la Morogoro, wakaweka fedha kwenye kopo la maziwa lililozibwa kwa nta. Mzee Mwinyi aliposhika nchi mwishoni mwa 1985 na bidhaa zikaanza kuonekana madukani, kopo lilivunjwa. Fedha ilitosha bati za kanisa lote na pesa kidogo ya misumari.

Lori lilizifikisha misioni. Kutoka hapo kwenda juu hakukuwa na njia ya gari. Nilikuwa likizo, nami nilikuwepo. Bati hubebwa na watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mmoja na ngata yake, na lazima mwende hatua moja, maana wa nyuma haoni njia, anaona bati tu. Tulijipanga mstari alfajiri kabla upepo haujaanza. Mlima wetu una upepo unaopanda saa nne kutoka bondeni, na bati lililoinuliwa na upepo linakuwa tanga. Tulipofika kwenye ukingo mwembamba, sehemu ambayo kushoto ni ukuta wa jabali na kulia ni shimo, upepo ukaja. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu aliona bati linaanza kumgeuza, akapiga magoti palepale, akaliinamisha mpaka likagusa ardhi, na sote nyuma yake tukafanya vilevile, mstari mzima umepiga magoti njiani. Tulikaa hivyo mpaka ukatulia. Bati lilikuwa limemkata mkono juu ya kiwiko. Alichana pindo la kanga, akalifunga, akasimama, na mwenzake akasema tu, "Twende." Waislamu wa ukoo wetu walibeba pamoja nasi siku ile. Mtoto yule wa shangazi niliyekaa naye dawati moja alibeba misumari yote.

Padri aliyekuja kulibariki kanisa alikuwa kijana Mluguru, mtoto wa milima hiyohiyo. Mwalimu alisoma somo la kwanza kwa miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka. Katikati ya mahubiri mvua ikanyesha, na kwa mara ya kwanza tukajua kelele ya mvua juu ya bati. Padri alinyamaza, tukakaa kimya wote tukiisikiliza mpaka ikapungua, na hakuna aliyelowa. Akina mama wengi walilia. Mimi pia.

Baadaye zilikuja Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, nyumba kadhaa kusali pamoja kila wiki, jambo ambalo maaskofu wa Afrika Mashariki walilikazia tangu miaka ya 1970. Sehemu nyingine zilichukua muda kuzoeleka. Kwetu zilikuwa kurudi kwa mjomba wa Bibi na mlango wake.

Mwalimu alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa bado anasoma matangazo. Rimu iligongwa kwa kuachiaachia tangu saa kumi na moja alfajiri. Kaburi lilichimbwa na vijana wa dini zote mbili, na mndewa wa wakati huo, mjukuu wa yule aliyetupa ardhi, alitoa ng'ombe. Mwaka 1997 misioni ilipotimiza miaka 100 niliketi nikisikiliza majina ya waliotangulia yakisomwa: Wafaransa, Waalsace, Waholanzi, na wazalendo waliowafuata. Walistahili kutajwa. Wapo waliokufa kwa homa wakiwa na umri mdogo kuliko watoto wangu wa sasa. Nilisubiri majina ya walimu wa vigango. Yalitajwa kwa jumla, kwa sentensi moja.

Nilikwenda kulitafuta jina lake mwenyewe. Kwenye vitabu vya ubatizo vya zamani lipo, kwa maandishi ya wino uliofifia, kila alipombatiza mtoto aliyekuwa mahututi, na watoto hao si haba. Daftari la kigango lenyewe, lile lenye hesabu za kopo la maziwa, za ndoo za mchanga na za waliobeba bati, lilikuwa sakristia ndani ya sanduku la mbao. Nilipolifungua, mchwa walikuwa wamekula kuanzia katikati. Kurasa za mwanzo na za mwisho zilisomeka.

Leo bodaboda hufika karibu na mlango wa kanisa. Padri anakuja mara nyingi zaidi, kuna sola, kuna kinanda na kwaya mbili zinazoshindana. Kuna pia makanisa ya walokole mawili katika mteremko uleule, na baadhi ya wajukuu wa wale waliobeba bati wanasali huko. Vijana wengi wako Morogoro na Dar es Salaam, na mchango wao wa kanisa hupanda mlimani kwa simu. Katekista wa sasa ni mama, mwenye elimu ya chuo cha makatekista, na anapoongoza ibada husimama pembeni karibu na dirisha. Sijamuuliza desturi hiyo aliitoa wapi.

Jina la mwalimu wetu sikuliandika hapa, kwa kuwa gazeti si mahali pake na wanawe wapo. Nimeliandika pamoja na ya wenzake watatu waliomtangulia, na ya akina mama wa WAWATA ya kwanza niliyoweza kuyakusanya, mwaka waliokuja na kazi waliyofanya, nikayapeleka ofisi ya parokia nakala mbili. Nakuomba nawe unayesoma, kama una baba, mjomba au bibi aliyeshika kigango huko Mgeta, Tegetero, Kinole, Tununguo au popote, mkalishe chini mwaka huu na uandike: jina lake, aliwafundisha akina nani, aliwazika akina nani, na nani alibeba nini siku ile mlipojenga. Peleka parokiani, na ubaki na nakala nyumbani mahali ambapo mchwa hawafiki.